Shule na Mtaa Wake: Habari za Tabora Tangu Zamani za Misafara



Kila mwaka unapokaribia kwisha, wazazi kutoka vijijini hunijia nyumbani, nao huniuliza neno lile lile: "Mwalimu, nimpeleke mwanangu mjini Tabora akakae kwa ndugu yangu, apate kusoma?" Wengi wao wana ndugu katika Ipuli, au Ng'ambo, au Isevya, au katika mtaa mwingine wa mji. Nikiwauliza sababu, hujibu kwa maneno machache: "Tabora ndiko kwenye shule." Wala hawasemi uongo. Jina la Tabora limekaa vinywani mwa watu pamoja na neno shule kwa muda wa karibu miaka 100.

Lakini naona ya kuwa wengi hawajui shule zile zilizopata sifa zilikuwa shule za namna gani, wala hawajui zinapitanaje na shule ya mtaa atakakokaa mtoto wao. Basi nimeona vema niandike kidogo habari za mji huu tangu zamani, maana mambo ya leo yana mizizi yake, na mwenye kutaka kuung'oa mti mbaya hana budi kwanza aujue mzizi wake.

Mji wa mizigo

Watu wa pwani, Waarabu na Waswahili, walianza kukaa katika nchi ya Unyanyembe katika karne ya 19, wakitafuta pembe za ndovu, na pamoja na pembe, watumwa. Hata Waingereza wawili, Burton na Speke, walipofika mwezi wa Novemba 1857, walikuta tembe kubwa za wafanyaji biashara mahali palipoitwa Kaze, ndipo Tabora ya leo. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe. Kutoka hapo watu wengine walishika njia ya Ujiji penye Ziwa Tanganyika, na wengine walikwenda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Kutoka pwani mpaka Tabora ilikuwa safari ya kama miezi mitatu kwa miguu.

Mali yote iliyopita katika njia hiyo ilipita juu ya vichwa na mabega ya watu. Gari hapakuwa, na punda na ng'ombe waliuawa na mbung'o njiani. Mpagazi alichukua mzigo wa ratili 60 au 70, yaani kama kilo 30, na juu ya mzigo huo alichukua mkeka wake, chungu chake na posho yake. Wanyamwezi ndio waliojulikana kuliko wote kwa kazi hii. Hawakuiona kuwa aibu. Kijana aliyekwenda pwani akarudi aliheshimiwa kuwa mwanamume, na aliyekaa tu nyumbani alichekwa. Burton aliandika ya kuwa hata watoto wadogo walipewa pembe ndogo ya ndovu waichukue begani, wapate kuzoea.

Angalieni basi, ndugu zangu. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza ya mji wetu. Mtaa uliishi kwa mzigo, nao mtaa ukamfundisha mtoto mzigo. Vilikuwapo pia vyuo vya Kurani kwa watoto wa watu wa pwani, ambamo herufi za kwanza zilisomwa katika mji huu. Lakini mtoto wa mpagazi, na mtoto wa mtumwa, yeye alisoma njiani. Alijifunza kuhesabu kwa mikono ya nguo na kete za ushanga. Alijifunza lugha za watu wengi, maana katika mitaa walichanganyika Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema waliotoka Kongo, watu wa pwani, na wengine waliotekwa wakiwa wadogo hata wasiweze kusema kwao ni wapi. Kiswahili kikawaunganisha wote. Hata leo mtoto wa Tabora husema Kiswahili kizuri kabla hajaingia darasa la 1, wala si mwalimu aliyemfundisha. Ni mtaa.

Wasomi waliosomea mbali

Hata katika siku zile za misafara mtu aliyejua kusoma alikuwapo, lakini tukimtazama twaona jambo moja la kushangaza. Mwaka 1873 mwili wa Daktari Livingstone, aliyekufa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, ulichukuliwa na watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, mpaka pwani. Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe, mahali pale pale ambapo yeye na Stanley walikaa pamoja katika tembe ya Kwihara mwaka uliotangulia. Katika kundi lile alikuwamo kijana mmoja Myao, jina lake Jacob Wainwright. Huyu ndiye aliyesoma maneno ya maziko kule Chitambo, akachora jina la marehemu katika gome la mti, naye aliandika habari za safari katika daftari.

Je, kijana huyu Mwafrika alisoma wapi? Hakusoma Tabora, wala hakusoma kwao. Alikombolewa utumwani akapelekwa Nasik, katika nchi ya Bara Hindi, akalelewa na kufundishwa huko na misioni. Yaani ilikuwa lazima atolewe katika nchi yake na mtaa wake, avuke bahari, ndipo apate kalamu.

Katika miaka ya 1880 Wamisionari wa Afrika, walioitwa Mapadre Weupe, walikuwa na makao ya watoto waliokombolewa huko Kipalapala, karibu na Tabora. Nako pia mtoto alifundishwa akiwa ametengwa na mji. Baadaye Wadachi walipoitawala nchi, baada ya Mtemi Isike wa Unyanyembe kushindwa na kufa mwezi wa Januari 1893, walianzisha shule za serikali katika miji mbalimbali ya koloni lao, zenye kufundisha kwa Kiswahili, ili wapate makarani na maakida. Shule hizo ziliwafaa wachache. Walio wengi katika mitaa waliendelea kusoma elimu ile ile ya mzigo.

Reli ilipofika

Mwaka 1912 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Twasoma habari hiyo vitabuni kama habari ya furaha, na kweli ilikuwa ya furaha kwa wengi. Lakini ifikirini kwa upande wa mtaa ulioishi kwa mabega ya watu wake. Gari moshi moja lilivuta mzigo wa maelfu ya wapagazi, tena halikuomba posho. Kazi iliyomheshimisha kijana kwa miaka 60 au zaidi ilikwisha kwa miaka michache tu. Kabla watu hawajapata nafasi ya kujipanga upya, vita vya Wazungu vikaingia. Maelfu ya watu wakakamatwa wachukue mizigo ya majeshi, na wengi hawakurudi. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na baada ya vita nchi ikawa chini ya Waingereza. Mwaka 1922 sheria ilifuta utumwa kabisa katika Tanganyika; walio huru sasa walikuwa huru, lakini huru bila shamba na bila ng'ombe.

Hapo ndipo mitaa ya Tabora ilipopata sura ambayo haijaiacha kabisa: sura ya mtu wa kibarua. Neno hilo lenyewe lina historia yake. Kibarua maana yake ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mfanya kazi, ambacho siku zake za kazi zilitiwa alama. Watu wengi wa mitaa yetu barua yao ya kwanza kuishika mkononi ilikuwa ni hiyo. Mtu wa kibarua hajui leo atakula nini kesho. Akipata, atalipa kodi ya chumba. Asipopata, atahama usiku. Na mtoto wake huhama pamoja naye, na shule yake huhama au huachwa.

Shule zilizoleta sifa

Sasa tufike kwenye shule zile ambazo wazazi huniambia habari zake. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliijenga Tabora School, na hapo kwanza ilikusudiwa kwa wana wa machifu. Mwaka 1937 aliingia humo kijana kutoka Butiama, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, jina lake Kambarage Nyerere, aliyekuja kuitwa Julius alipobatizwa. Alitoka huko mwaka 1943 kwenda Makerere, na alipomaliza alirudi Tabora akafundisha katika shule ya misioni ya St. Mary's mpaka mwaka 1949. Ndiye aliyekuja kuiongoza Tanganyika kupata uhuru mwaka 1961. Si ajabu basi kwamba watu walisema Tabora ni mji wa elimu.

Lakini tuulize kwa makini: shule hizi zilikuwa na nini? Walikuwamo walimu hodari, na vitabu vilikuwamo. Tena yalikuwamo mambo mengine ambayo twayasahau kwa kuwa hayaandikwi katika cheti. Kilikuwamo kitanda, na kila mwanafunzi alilala chake. Uji ulikuwapo asubuhi, na chakula mchana na jioni. Taa iliwaka jioni kwa ajili ya kusoma, wala si kwa ajili ya kuuza. Kengele iligawa saa za mchana na za usiku. Kwa neno moja, zilikuwa shule za bweni. Mtoto alitolewa katika mtaa wake, au kijiji chake, akawekwa mahali ambapo njaa, maji, kodi ya nyumba na kelele za jirani havikumfikia.

Hivi ndivyo historia inavyotuambia, tangu Nasik mpaka Tabora School: kila mara tulipotaka msomi, tulimtoa mtoto mtaani. Wala watoto wa mitaa ya Tabora wenyewe hawakuwa ndio waliojaza mabweni hayo. Waliokuja walitoka Musoma, na Bukoba, na Usukuma, na kwingineko. Mtoto wa jirani alizisikia kengele za shule hizo kama asikiavyo filimbi ya gari moshi, kitu kipitacho karibu na nyumba yao kikienda mahali pengine.

Shule ya mtaa

Shule ya mtaa ni jambo jingine. Mwezi wa Novemba 1974 viongozi walikutana Musoma wakaazimia kwamba kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi, na mwaka 1977 ukawekwa kuwa mwaka wa kuitimiza nia hiyo. Lilikuwa azimio kubwa, nami nalisifu, kwa sababu lilikuwa mara ya kwanza shule kumfuata mtoto alipo, badala ya kumchagua na kumhamisha. Madarasa yalijaa. Watoto waliingia kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Vijana waliomaliza darasa la 7 walifundishwa haraka wapate kuwa walimu. Baadaye, katika miaka ya 1980, nchi ilipodhoofika kwa uchumi, wazazi walirudishiwa ada na michango, na watoto wengi wakarudi nyumbani. Mwaka 2001 ada ya shule ya msingi ikaondolewa tena, na mwanzo wa mwaka 2016 ikaondolewa ada ya kidato cha 1 mpaka cha 4 katika shule za serikali.

Wakati huo wote mji ulikuwa ukikua. Hesabu ya mwaka 2012 iliwakuta watu 226,999 katika Manispaa ya Tabora, na ile ya mwaka 2022 ikawakuta zaidi ya 300,000. Watu hawa hawakai wote penye barabara kuu karibu na stesheni. Wengi hukaa katika kata kama Ipuli, katika nyumba ambazo kila chumba kina mpangaji wake, wakiishi kwa kuuza mboga, kusukuma mkokoteni, kufua nguo za watu, kuchoma matofali, kuendesha pikipiki za abiria, na kulima shamba la mbali wakati wa mvua.

Nawaambieni ninyi mnaokaa vijijini jinsi mtaa wa namna hii unavyoiumba shule yake. Mgeni akitaka kuujua mtaa, namshauri asianze kwa kuwauliza watu. Na aombe daftari la mahudhurio. Ataona mvua zinapoanza, alama za kutokuwapo zinaongezeka, kwa maana jamaa wamekwenda shamba na watoto wao. Mwezi wa Novemba na wa Desemba, maembe yanapoiva, ataziona tena, kwa maana watoto wanauza maembe barabarani. Ile miembe ya Tabora, wazee husema, ni alama ya njia ya misafara. Maembe yaliyomshibisha mpagazi leo humtoa mtoto darasani. Kabla maji ya Ziwa Viktoria hayajaletwa Tabora kwa mabomba, karibu na mwaka 2020, mtaa ulipokosa maji, daftari lilionyesha wasichana wengi waliochelewa kuliko wavulana. Wala haikuwa kwa sababu wasichana ni wavivu. Ndio waliotumwa kisimani na madumu.

Serikali iliondoa ada, nasi twashukuru. Lakini daftari, sare, viatu na chakula cha mchana vilibaki mikononi mwa mzazi. Mtoto aliyekunywa chai tupu asubuhi, au aliyetafuna michembe miwili mitatu njiani, saa 5 macho yake yako ubaoni na roho yake iko jikoni. Jambo hili si la Waafrika peke yao. Waingereza, waliokuwa matajiri wa dunia, walipowapima vijana wao kwa ajili ya vita vya Makaburu, waligundua kwamba wengi kutoka mitaa ya maskini walikuwa dhaifu hata wasifae kuwa askari. Mwaka 1906 Bunge lao likapitisha sheria ya kuziruhusu mamlaka za elimu za mitaa kuwalisha watoto wenye njaa. Walikuwa wamekwisha kujenga shule na kulazimisha watoto waingie. Ndipo walipotambua kwamba mlango wa elimu huanza mdomoni.

Wala msidhani ya kuwa mtaa huleta mabaya tu. Watoto wa mtaa huja shuleni na vitu ambavyo mwalimu hawezi kuvitoa. Huja na lugha. Huja na akili ya hesabu iliyonolewa na biashara. Mpe hesabu ya nyanya na chenji, atakujibu kabla hujamaliza kusema. Huja na ujirani, kwa kuwa nimeona mama muuza vitumbua akiwalisha watoto watatu wasio wake ili wasiende shule na njaa, na hakutaka jambo hilo lisemwe. Shule ya bweni hujenga ukuta ili mabaya ya mtaa yasiingie. Lakini ukuta huo huo huyazuia na mazuri.

Kosa langu

Sasa nitasimulia jambo ambalo si la kunisifu, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Zamani kidogo nilifundisha katika shule moja ya mitaa ya mji. Nilikuwa na mvulana wa darasa la 5 aliyechelewa mara kwa mara, na alipokuwapo alisinzia. Nilimwadhibu. Nilimsimamisha nje, nikamfyekesha majani, nikamwambia mbele ya wenzake ya kuwa mvivu hana kesho. Hakujibu neno. Aliamkia, akapokea adhabu, akaenda.

Siku moja nilikuwa nikirudi jioni nikamwona ameketi kwenye baraza ya duka, daftari magotini, akiandika kwa mwanga wa taa ya mwenye duka. Nikasimama tukazungumza. Aliniambia kwamba anakaa kwa baba yake mdogo; chumba ni kimoja, watu ni 6, na kibatari huzimwa mapema ili mafuta yasiishe. Kwa hiyo alisoma hapo barazani mpaka duka lifungwe. Duka likifungwa saa 3, naye amefunga. Likifungwa saa 2, basi ni saa 2. Yaani saa zake za kusoma alizipanga mwenye duka, asiyejua hata kwamba anazipanga. Na asubuhi kabla ya shule alimsaidia baba mdogo kusukuma mkokoteni kwenda sokoni, kwa sababu ndivyo alivyolipia chakula chake.

Nikamwuliza baba yake mzazi yuko wapi. Akasema yuko kijijini, naye ndiye aliyemleta mjini asome. Huko kijijini baba yule alikuwa akiwaambia watu kwa fahari, "Mwanangu anasoma Tabora." Nami nilijua ya kuwa baba alisema kweli kwa jinsi alivyojua. Alidhani amempeleka mwanawe kwenye Tabora ya mabweni. Kumbe alimpeleka kwenye Tabora ya mizigo.

Nilikusudia kumwandikia baba yule barua. Leo nikasema kesho, na kesho nikasema Jumamosi. Sikuandika. Kijana alipofika darasa la 6 aliacha shule. Baada ya mwaka mmoja hivi nilikuwa sokoni, nikapisha mtu mwenye gunia kichwani; alipokwisha kupita akageuka shingo kwa shida chini ya gunia lile, akaniita: "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia. Yeye akaenda zake na mzigo wake, nami nikabaki na wangu.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi mzigo wa mtoto yule niliuona kuwa mwepesi kwa kuwa haukuwa kichwani pangu. Baba mdogo naye aliuona mwepesi, kwa kuwa yeye mwenyewe alichukua mzito zaidi. Baba mzazi hakuuona kabisa. Basi mtoto akauchukua peke yake, mpaka ukamshinda.

La kufanya

Mtaniuliza: Je, mwalimu, watuambia tusiwapeleke watoto mjini? La, sisemi hivyo. Nasema msimpeleke mtoto peke yake.

Ukimpeleka mwanao kwa ndugu yako katika Ipuli au mtaa mwingine, mpeleke na gunia la mahindi, na wakati wa mavuno upeleke jingine. Maana ndugu yako wa mjini ananunua hata kuni, wala hakuambii kwa sababu ya heshima. Mpeleke na taa yake mwenyewe. Siku hizi ziko taa ndogo za nguvu za jua zisizohitaji mafuta. Kisha, kabla hujarudi kwako, nenda shuleni ukamwone mwalimu wa darasa, umwambie: "Huyu ni mwanangu, anakaa mahali fulani, na mimi ninapatikana kwa njia hii." Neno hilo halikugharimu kitu, nalo laweza kumwokoa mtoto. Mwalimu anayemjua mzazi hupiga adhabu kwa mkono mwepesi zaidi, na huuliza kabla ya kuhukumu.

Nanyi walimu wenzangu mnaofundisha katika mitaa, twajidanganya tukifikiri shule yetu huanza penye ukuta wake na kuishia hapo. Mtoto anapokosa kuja, na tuulize ni wapi alipo, kabla ya kuuliza atapigwa fimbo ngapi. Na wazazi wa mitaa yenyewe, penye kamati ya shule msiwaachie wachache. Wakikubaliana wenyewe kwa hiari kutoa mahindi na maharage kidogo kwa kila nyumba, watoto watakula makande mchana, na daftari la mahudhurio litaonyesha tofauti mapema.

Kwa muda mrefu nchi yetu ilipata wasomi kwa kuwatoa watoto mitaani. Njia hiyo ilitupatia viongozi, wala siidharau. Lakini mabweni hayawezi kuwachukua wote, na walio wengi watasoma pale pale wanapolala. Basi kama mtoto haondolewi mtaani, hapana budi mtaa wenyewe uondolewe kichwani pake, kila mmoja wetu akishika upande wake wa mzigo, kama walivyofanya wapagazi wa zamani waliposaidiana kumtwika mwenzao asubuhi na kumtua jioni. Hapakuwa na mpagazi aliyejitwika peke yake mzigo mzito. Iweje basi tumwache mtoto ajitwike?